Wetu, Lakini Tangu Lini?

Jordan Clarkson na Justin Brownlee hawawezi kuvaa jezi ya Ufilipino katika mechi moja. Clarkson alizaliwa Marekani, na damu ya Kifilipino ameipata kwa mamake. Brownlee naye ni Mmarekani, ila hana nyanya wala shangazi Manila. Alienda huko 2016 kucheza ligi kama mchezaji wa kigeni, akazoeleka, akapendwa, na Januari 2023 akawa raia kwa sheria iliyopitishwa na bunge kwa ajili yake peke yake. Ukimuuliza msee yeyote mtaani, atakwambia hawa ni watu wawili tofauti kabisa. Mmoja ni mtoto wa dada yetu aliyezaliwa majuu, mwingine ni mgeni aliyekaa vizuri hadi akapewa ufunguo wa nyumba. Lakini mbele ya FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa vikapu, wote wawili wametiwa kapu moja.

Kanuni yenyewe ni fupi. Timu ya taifa inaruhusiwa mchezaji mmoja tu aliyepata uraia baada ya kutimiza miaka 16, awe ameupata kwa kuomba, kwa kupewa au kwa njia nyingine yoyote. Halafu kuna sehemu inayouma zaidi: hata kama ulikuwa na haki ya uraia huo tangu siku ya kuzaliwa, usipoidai kabla ya miaka 16 unahesabiwa pamoja na waliopewa. Clarkson alifika 16 bila pasipoti ya Ufilipino. Basi, imeisha hiyo.

Nimeizungusha kanuni hii kichwani kwa muda mrefu, na si kwa sababu ya mapenzi ya mpira tu. Inauliza jambo ambalo Wakenya tunaulizana kila siku hata bila mpira: mtu anakuwa wetu lini, na nani ana haki ya kusema?

Tuanze kwa kuitendea haki. Aliyetunga kanuni hii hakuwa na roho mbaya. Alitaka kuzuia nchi zenye pesa zisinunue timu kama watu wanavyonunua viatu. Sisi tunalijua duka hilo, maana tumewahi kuwa bidhaa ndani yake. Mwaka 2003 Stephen Cherono aligeuka kuwa Saif Saaeed Shaheen wa Qatar, na muda mfupi baadaye mjini Paris akatwaa dhahabu ya dunia ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mbele ya Ezekiel Kemboi wa Kenya. Mwaka 2015 Qatar hiyohiyo ilifika fainali ya dunia ya mpira wa mikono na kikosi kilichojaa wachezaji waliozaliwa kwingine. Ukiyaona hayo, unaelewa kwa nini mtu aliona lazima mlango uwe na kufuli.

Shida ni kwamba kufuli hii imewekwa kwenye karatasi. Haiulizi umeishi wapi, nani alikufundisha kushika mpira, wala nchi ikiharibika utakuwa wapi. Inauliza pasipoti ilitoka lini. Na mtoto wa miaka 15 hajitolei pasipoti. Hiyo ni kazi ya mzazi mwenye nauli na muda, na ya serikali yenye nia.

Hebu tupige hesabu ya hapa kwetu. Chini ya katiba ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alikuwa Mkenya ikiwa baba yake ni Mkenya. Mama peke yake hakutosha. Tarehe 27 Agosti 2010 katiba mpya ikasema mzazi yeyote anatosha, na ikawarudisha hata waliozaliwa kabla yake. Sasa fikiria ndugu wawili waliozaliwa Texas, mama Mkenya, baba Mmarekani. Mkubwa wa 1993, mdogo wa 1996. Siku katiba inazinduliwa, mdogo bado hajafika 16. Mama akipata siku ya mapumziko na nauli ya kufika ubalozini, na faili isipotee, kijana atakuwa Mkenya kamili uwanjani. Mkubwa ameshapita 16. Wamelelewa nyumba moja, ugali mmoja, nyanya mmoja akiwapigia simu kutoka kijijini. Kwa herufi ya kanuni, mmoja ni wetu na mwingine ni wa kupewa. Kosa la mkubwa ni lipi? Alizaliwa mapema kuliko haki za mamake.

Giannis Antetokounmpo ni mfano wa upande wa pili. Alizaliwa Athens mwaka 1994, wazazi wake Wanigeria wasiokuwa na karatasi. Alisoma Ugiriki, akauza miwani na saa barabarani Ugiriki, akajifunza mpira Ugiriki. Kwa miaka 18 hakuwa raia wa Ugiriki wala wa nchi nyingine. Uraia ulikuja 2013, wasaka vipaji wa NBA wakiwa wameshaanza kupanda ndege kwenda kumtazama. Kitu gani kilibadilika mwaka huo? Mitaa aliyotembea ilikuwa ileile na lugha yake ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba watu wengine walianza kumtaka.

Hapo ndipo hoja inaanza kunikera, na inanikera zaidi nikiileta karibu na nyumbani.

Mwaka 2021 Kenya Morans walirudi AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993, mashindano yalipochezwa hapa Nairobi. Walifika huko baada ya kuwachapa Angola 74-73, kwa kikapu cha Tylor Ongwae cha dakika ya mwisho kabisa, na wengi wetu tulipiga kelele kama watu walioibiwa. Kisha Kigali, tukatolewa na Sudan Kusini, 60-58. Nchi iliyozaliwa tarehe 9 Julai 2011. Tuliumia, lakini maumivu yenyewe yalikuwa na utata, kwa sababu hadithi ya timu ile inapita katikati ya nyumba yetu. Tangu 1992 kambi ya Kakuma imepokea watu waliokimbia vita vya kule. Watoto wao wamesoma shule zetu, wanaongea Kiswahili kuliko baadhi yetu, na viwanja vya vumbi walivyochezea ni vya Turkana.

Mmoja wa nyota wa Sudan Kusini ni Nuni Omot. Alizaliwa Kenya mwaka 1994, wazazi wake wakiwa wakimbizi, kabla familia haijaenda Marekani. Nchi anayoichezea ilipopata uhuru, yeye alikuwa ameshatimiza miaka 16. Haikuwezekana hata kidogo awe na pasipoti yake kabla ya umri huo, maana hapakuwa na nchi ya kuitoa. Mwenzake Carlik Jones ni Mmarekani wa Cincinnati aliyepewa uraia ukubwani. Ukiifuata herufi ya kanuni, wawili hawa wasingecheza pamoja. Lakini kwenye Olimpiki ya Paris 2024 walikuwa pamoja, na Sudan Kusini ikaifunga Puerto Rico 90-79 siku ambayo waandaaji waliwapigia wimbo wa taifa usio wao. Kwa hiyo kumbe inawezekana kutazama zaidi ya tarehe iliyo kwenye karatasi.

Baada ya Paris nilisikia sana maneno haya: “Huyo Omot si alizaliwa Kenya? Angekuwa wetu.” Nayaelewa. Hata mimi nilitamani. Lakini tuyaangalie vizuri. Kwa sheria yetu, kuzaliwa ndani ya mipaka ya Kenya hakukupi uraia kama mama na baba si Wakenya. Maelfu ya watoto wamezaliwa Kakuma na Dadaab, na hakuna anayesimama kwenye kibanda cha chai akilalamika kwamba “wangekuwa wetu.” Tunamkumbuka mmoja kwa sababu anajua kufunga. Wale wengine, wanaojua tu kupika chapati na kutengeneza simu, bado ni “wale wa kambi.”

Nilimaliza kidato cha nne mwaka mmoja na rafiki yangu Mnubi wa Kibra. Mimi kitambulisho nilikipata bila hadithi. Yeye aliitwa mbele ya kamati kupigwa msasa, akaulizwa karatasi za babu yake, kana kwamba babu yake ndiye aliyekuwa anatafuta kazi. Wanubi wako Kibra tangu enzi za mkoloni. Wamakonde walikuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Pwani, na ilibidi 2016 watembee kutoka Kwale hadi Nairobi ndipo serikali iwatambue. Washona waliokuja miaka ya sitini walianza kupewa uraia mwishoni mwa 2020. Msasa wenyewe wa vitambulisho uliondolewa kwa tangazo la rais mwaka 2025. Weka miongo hiyo kando ya Uhispania, ambayo Julai 2022 ilimpa uraia Mmarekani Lorenzo Brown kwa uamuzi wa baraza la mawaziri, bila yeye kuwahi kuishi huko, na Septemba ikawa bingwa wa Ulaya. Au kando ya bunge la Manila na sheria yake ya mtu mmoja.

Mifano hii ya haraka inatufundisha kitu ambacho serikali hazipendi tujue. Karani akikwambia “huu ni mchakato, vumilia,” kumbuka kwamba kuna watu mchakato huo huisha kabla ya msimu wa ligi. Serikali inaweza. Ikikuchelewesha wewe, imeamua kukuchelewesha.

Sasa, kuna atakayesema: kama ni hivyo, tuitupe kanuni, kila nchi ichukue inayemtaka. Mimi sikubali. Timu ya taifa ina utamu wake kwa sababu moja: haisajili. Klabu ikifungwa, hununua wengine Januari. Morans wakifungwa, tunarudi nao nyumbani, na mwaka ujao ni haohao na wadogo zao. Tukiruhusu kila mtu kununua, mashindano yatakuwa ya hazina za serikali, na Kenya, ambayo wachezaji wake wamewahi kuhangaikia hata nauli ya kwenda mashindanoni, itakuwa inauza tu.

Mwingine atasema damu ndiyo kipimo. Damu ni kipimo kizuri cha mirathi, lakini kwa timu ya taifa inapwaya. Inamkumbatia mtu ambaye hajawahi kukanyaga Kisumu na inamwacha Giannis nje ya Athens. Mwingine atasema ni ardhi, pale ulipozaliwa. Lakini Omot aliondoka Kenya akiwa mtoto mdogo. Je, tunamdai nini hasa? Tulimpa hema, na hema lenyewe lilikuwa la Umoja wa Mataifa.

Kipimo ninachokiamini mimi ni kigumu kuandika kwenye fomu, lakini kila mtu anakijua moyoni: maisha. Nani amekaa nasi kiasi kwamba kushindwa kwetu kunamgharimu? Kwa kipimo hiki Brownlee anapita. Amecheza mbele ya watu wale mwaka baada ya mwaka, wamemtukana na kumshangilia, na wanajua wakimwita atakuja. Ndugu wawili wa Texas wanaweza kupita wote au kukwama wote, kulingana na walivyoishi, wala si mmoja apite kwa sababu ya foleni ya ubalozi. Lorenzo Brown, pamoja na medali yake, ananipa shida.

Najua jibu: maisha hayapimiki, tarehe inapimika. Kweli. Kanuni yoyote itakata mahali fulani, na atakayekuwa upande mbaya wa kisu atalia. Lakini hata mahakama zetu hupima vitu vigumu kuliko hivi, kama nani alimlea mtoto au nani alilima shamba. Miaka uliyoishi nchini inahesabika. Misimu uliyocheza ligi ya hapa inahesabika, kama ni Nyayo umecheza kuna karatasi za matokeo. Aliyechelewa kupata pasipoti kwa kosa la serikali anaweza kulithibitisha, kwa sababu barua za kukataliwa zina tarehe na mhuri.

Lakini FIBA si mahakama ya uraia, na kuisubiri irekebishe kilichoharibiwa na serikali ni kujidanganya. Kanuni ya miaka 16 huumiza zaidi pale ambapo nchi imechelewa kuwatambua watu wake. Kama kila mtoto aliye wetu angekuwa na karatasi yake kabla hajajulikana kama ni mrefu au mfupi, anajua mpira au hajui, basi 16 ingekuwa namba tu, na kufuli ingewazuia wale iliyokusudiwa kuwazuia.

Kwa hiyo siku tutakapopata kijana wa urefu wa futi saba kutoka Dadaab au Kibra, halafu waziri aahidi kumtafutia pasipoti ndani ya wiki moja, nitafurahi kwa ajili yake. Kisha nitauliza kuhusu dadake mwenye futi tano, aliyeomba kitambulisho kabla yake.