Msamaha wa Kosa Gani?

Mgonjwa asiye na pesa, kwa Kiswahili cha hospitali zetu, hupewa "msamaha". Neno hili limo kwenye miongozo ya serikali na midomoni mwa wahudumu, na wote tumelizoea. Lakini anayesamehewa kwa kawaida ni mtu aliyekosa. Tangu nianze shahada ya uzamili nimekuwa nikijiuliza: mtu aliyefika zahanati ya halmashauri akiwa na homa na bila shilingi, amemkosea nani?

Malipo yenyewe yana historia fupi. Baada ya Azimio la Arusha, matibabu katika vituo vya serikali yalikuwa bure, hadi 1993 ulipoanza uchangiaji, hospitali kubwa kwanza, kisha ngazi za chini. Ili wanyonge wasiachwe nje, yakawekwa makundi ya msamaha: watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, wenye magonjwa kama kifua kikuu. Mwisho wa orodha wakawekwa maskini wengine wote.

Angalia tofauti. Mama mwenye mtoto wa miaka miwili anaonyesha kadi ya kliniki na kupita, wala hakuna anayemtazama mara mbili. Maskini hana kadi. Ushahidi wake ni maelezo yake mwenyewe na barua ya serikali ya mtaa. Na barua hiyo inadhani tunaishi kijijini, ambako kila mtu anajua nani hakuvuna. Huku Chamazi au Bunju watu wamepanga chumba kimoja, wamehamia mwezi wa tatu, watahama wa tisa. Mwenyekiti wa mtaa anamfahamu mwenye nyumba. Mpangaji atajulikana vipi, kama si kwa kwenda kujieleza tena?

Jirani yetu Mbagala huuza samaki wa kukaanga jioni. Mwanawe wa miaka saba alivunjika mkono, na kwa umri huo alikuwa ameshatoka kwenye kundi la msamaha. Dirishani akatajiwa gharama ya picha na plasta. Aliposita, karani akamuuliza kwa sauti, benchi zima likisikia, kama hana hela kabisa au hana za kutosha. Akajibu kwamba anazifuata nyumbani. Alizifuata kweli, kwa wale wakopeshaji ambao Dar nzima inawaita kausha damu, na riba yake ilimla hadi samaki wakapungua mezani. Sidhani alikuwa na kiburi. Waliokuwa kwenye benchi lile ni wateja wake.

Mwanafalsafa wa Uingereza Jonathan Wolff aliandika juu ya jambo hili mwaka 1998. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba mfumo unaotaka kumtendea kila mtu haki kwa kipimo unaweza kumlazimisha akiri, kwanza kwake mwenyewe na kisha mbele ya wengine, kwamba ameshindwa maisha. Msaada anaupata, heshima inabaki mlangoni. Mwingereza mwingine, Richard Titmuss, ambaye kwao alipinga huduma zinazowatenga maskini na kuwatia doa, ndiye aliyeongoza ripoti ya 1964 kuhusu huduma za afya za Tanganyika. Kwa hiyo wasiwasi huu si mgeni kwetu.

Najua jibu la mganga mfawidhi. Pesa za papo kwa papo ndizo zinazonunua glavu na pamba dawa za bohari zinapochelewa. Akimsamehe kila anayesema hana, kituo kitakauka. Hoja hiyo ni nzito na siidharau. Lakini wanaoitumia husahau jambo moja: aibu haimzuii mwongo. Mwenye gari anayetaka kukwepa malipo atajieleza bila kupepesa macho, na barua ataipata. Anayerudishwa nyumbani na aibu ni yule ambaye msamaha uliandikwa kwa ajili yake. Kama chujio linapitisha makapi na kubakiza mchele, tusiseme kwamba linalinda mfuko.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inaiachia Serikali jukumu la kuwagharamia wasio na uwezo. Nimeifurahia. Ila nauliza watatambuliwaje. TASAF, kwa mfano, imekuwa ikitumia mikutano ya hadhara ya wakazi kuzipata kaya maskini, njia ambayo ina faida ya uwazi na gharama yake ni kwamba umaskini wako unajadiliwa ukiwa umekaa pale.

Kuna jambo dogo ambalo halmashauri haihitaji kuisubiri Dodoma kulifanya: swali la uwezo liulizwe chumbani, mlango umefungwa, na kila mgonjwa apitie huko. Kituo alichokwenda jirani yangu kina chumba cha ofisa ustawi wa jamii. Kipo mwisho wa korido, kimepakwa rangi vizuri. Ili uelekezwe huko, lazima kwanza useme dirishani kwamba huna.