Mtoto Wako Yu Shuleni?

Wazazi wapenzi, Injili ya Mtakatifu Luka yatusimulia jinsi Maria na Yosefu, wakirudi kutoka Yerusalemu, walivyokwenda mwendo wa siku nzima wakiamini kwamba Yesu yumo katika msafara. Kumbe hakuwamo. Hawakutuma mtu, walirudi wao wenyewe, wakamtafuta, na siku ya tatu wakamwona Hekaluni, ameketi kati ya walimu.

Je, mtoto wetu akikosa darasani, sisi tutajua siku ya ngapi?

Tutazame Chole, si kile kisiwa cha Mafia, bali kata ya Chole wilayani Kisarawe, katika nchi ya Wazaramo. Tangu mwaka 2016 hakuna ada katika shule za serikali, za msingi na za sekondari hata kidato cha nne. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 nayo yamlazimu mzazi kumpeleka mtoto shule. Basi mlango u wazi. Lakini katika nchi ya mikorosho, msimu ukifika mikono midogo huitwa shambani. Ngoma ikikesha, mtoto husinzia asubuhi. Njia ndefu, tumbo likiwa tupu, huzidi urefu. Mama adhani mtoto yuko shuleni. Mwalimu adhani yuko nyumbani. Kumbe yuko chini ya mkorosho.

Sheria yaweza kumfikisha mtoto shuleni, lakini haiwezi kumfanya apende kukaa. Mpira, mbio, kwaya, skauti na bustani ya shule ndivyo vimvutavyo. Wako wazazi wanaoviita upuuzi, wanakosea. Mtoto aliye mzito wa hesabu, lakini mwepesi wa mbio, ajua kwamba asipofika wenzake watapungukiwa. Atakuja kwa ajili ya mpira, na hesabu zitamkuta papo hapo. Hata mashindano ya UMITASHUMTA yameunganisha michezo na taaluma katika jina lake lenyewe.

Walakini kila jambo na saa yake. Nasi mapadre na walimu wa kwaya tujihoji: mazoezi ya sikukuu yasimtoe mtoto darasani. Mungu hapendezwi na wimbo ulioiba saa ya masomo.

Tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Basi aliye wa kwanza asimwachie wa pili kazi yote. Baba, fungua daftari la mwanao. Hata kama hujui kusoma, utaona kama tangu juzi hakuna mstari mpya. Mama, hudhuria kikao cha wazazi. Simameni kando ya uwanja mwanenu achezapo, apate kujua kwamba shule yake ni jambo lenu pia. Toeni mchango wa uji, maana kufutwa kwa ada hakukuwaondolea wajibu wa sare, madaftari na chakula. Na korosho ziokotwe Jumamosi.

Jioni hii, kabla ya sala ya familia, mwulizeni mtoto: Leo umejifunza nini? Akinyamaza, msilale juu ya kimya hicho. Kesho rudini njiani mkamtafute, kama walivyofanya Maria na Yosefu. Familia Takatifu ya Nazareti ituombee.