Deni la Nyamwamba



Kwetu ni Kikorongo, pale njia panda ya kwenda Bwera. Kaskazini yetu, kati ya mji wa Kasese na Ziwa George, ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, kuna ukanda wa ardhi usioota hata majani. Hapo hapakuungua moto. Ni mabaki ya shaba ya Kilembe.

Machimbo yalianza uzalishaji mwaka 1956, mwaka ambao reli ilifika Kasese, yakafungwa 1982. Shaba ilipanda treni, mabaki hayakupanda. Mawe yale yana salfa. Yakipata mvua na hewa hutoa tindikali, nayo huyeyusha metali na kuzishusha kuelekea ziwani. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, ulimega malundo yaliyo kandokando yake.

Sheria tunazo. Ibara ya 39 ya Katiba ya 1995 inampa kila Mganda haki ya mazingira safi. Sheria ya Mazingira ya 2019 inasema mchafuzi alipe. Lakini huyu mchafuzi alishafunga milango kabla sheria haijazaliwa. Tumdai nani?

Nilimpelekea Ustadh wetu wa fiqhi swali hili, nikitaraji atanifundisha dhamana: aharibuye mali ya mtu hulipa, hata kama hakukusudia. Yeye akaniuliza tu, "Maiti ameacha nini?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Katika Surat an-Nisaa mirathi haigawanywi mpaka wasia na deni vitolewe. Mrithi halazimiki kulipa kwa mali yake mwenyewe, kweli, lakini hapa maiti hakufa fukara. Ameacha mlima ambao bado una shaba, na bwawa la umeme juu ya Mto Mubuku. Kila inapozungumzwa habari ya kumpata mwekezaji mpya wa Kilembe, husikia hesabu ya shaba iliyobaki na ajira zitakazokuja. Hayo ni mafungu ya mirathi. Kwa fiqhi niijuavyo mimi, serikali iliyorithi mlima haina haki ya kuyagawa kabla mto haujalipwa: malundo yafunikwe, kingo zijengwe, maji yapimwe na majibu yabandikwe sokoni watu wayasome.

Na mimi pia nimekula. Babu alichimba Kilembe, mshahara wake ukamsomesha baba, na baba ndiye anayenilipia karo. Nilipomweleza babu haya alicheka, kisha akaniuliza kama kule chini ya mto watu bado wanachota maji. Nikamjibu, "Wanachota, babu."