Ujumbe Uliompeleka Mama wa Watu Stesheni

Kijana mmoja wa Tanga alipata nafasi ya kusoma Sevilla, kusini mwa Hispania. Kihispania alikisomea katika kitabu cha Kiingereza, na kila sentensi aliipitisha huko kwanza. Alhamisi mchana, akiwa Madrid na tiketi ya treni ya Ijumaa mfukoni, alimwandikia mama mwenye nyumba: Estoy llegando a Sevilla. Siku hakuitaja, kwa kuwa walishaizungumza.

Mhispania akisoma hivyo anajua mgeni yuko mlangoni. Mama akavaa viatu, akaenda stesheni ya Santa Justa. Treni ya kasi ikaingia, abiria wakashuka wakaisha. Ikaja nyingine. Akapiga simu.

“Mwanangu, umefika wapi?”

“Niko Madrid, mama.”

Jioni ile majirani walikuwa na la kusema: anda diciendo que está llegando. Hapo andar imechukua nafasi ya estar, na mtu anayesemwa kwa andar aghalabu hasifiwi. Anazunguka tu akitangaza.

Msamiati wa kijana haukuwa na kasoro. Estar ikifuatwa na kitenzi chenye -ando au -iendo huonyesha jambo linaloendelea wakati huohuo: estoy comiendo, tonge liko mdomoni. Mwingereza umbo lake la namna hiyo hulipeleka mpaka kwenye mipango ya wiki ijayo. Mhispania hafiki huko. Yeye husema llego mañana, basi.

Kinachoniudhi ni kwamba Mswahili huyu dawa alikuwa nayo kwao. Kiambishi chetu -na- hubeba yote: nakula sasa, nasoma kila siku, nafika kesho. Wakati uliopo wa kawaida wa Kihispania hufanya kazi hiyohiyo. Mtu akikupigia simu huuliza ¿qué haces?, unafanya nini, bila estar yoyote. Mtoto akiitwa hujibu ya voy, nakuja. Hata miezi ya ukaazi wao huihesabu bila kuzunguka: llevo tres meses viviendo aquí, nina miezi mitatu naishi hapa. Vitabu vya Kiingereza havina sababu ya kumwambia Mswahili haya, na walimu wetu wengi hufundisha kwa vitabu hivyohivyo.

Kijana hakukoma upesi. Sisi tukiwa tayari kitini husema nimekaa, kwa -me-, maana tendo limeisha na hali imebaki. Kihispania nacho hutenganisha vivyo hivyo: estoy sentado, nimekaa, estoy sentándome, ndiyo kwanza najishusha kitini. Ukiiacha -me iliyo mwishoni mwa sentándome, kitenzi kinageuka kuwa kukalisha, na lazima awepo wa kukalishwa. Siku moja mama alimwita mezani, naye alikuwa ameshakaa zamani, kijiko mkononi. Akajibu kwa kujiamini: “Estoy sentando.”

“¿A quién?” mama akauliza kutoka jikoni. Unamkalisha nani?