Mwalimu ni Yule Anayekusikiliza

Madrasa zetu hazikubali mtu ajisomeshe msahafu peke yake, hata akiwa anazijua herufi zote. Lazima akae mbele ya mwalimu, asome, asikizwe, arudishwe. Mwalimu naye alisikizwa na mwalimu wake, silsila ikipanda hadi kwa Mtume. Ijaza, yaani ruhusa ya kusomesha, hapewi aliyesikia tu, hupewa aliyesikizwa. Sisemi muziki ni ibada. Masheikh wamehitilafiana hata juu ya uhalali wake, nami si mufti. Naazima njia yao ya kufunza, kwa sababu najifunza kupiga udi, na najiuliza kama elimu hupita kwenye skrini.

Naishi Kipevu, Mombasa, nafanya kazi ya zamu bandarini. Nikitoka zamu ya usiku nafungua simu, na mpiga udi wa Cairo ananifundisha maqam ya Bayati, mojawapo ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Wazee wa taarab husimulia kwamba Sultani Barghash alimtuma Mohamed Ibrahim kutoka Unguja hadi Misri akajifunze kupiga kanuni. Mimi Misri inanifuata chumbani kwa bando la shilingi 50. Kuibeza neema hii ni kukufuru.

Lakini shingo ya udi haina vigawanyo kama gitaa. Sauti ya pili ya Bayati huangukia katikati ya sauti mbili za kinanda. Kidole kikisogea kidogo tu, Bayati imekwenda. Video haina habari. Hata darasa la moja kwa moja kwa simu lina lake: nyuma yangu mitambo ya umeme inanguruma, na programu iliyoundwa kusafisha makelele ili maneno yasikike hufuta ngurumo pamoja na mlio wa uzi unaofifia. Kupiga pamoja nako hakuwezekani, maana sauti hufika imechelewa.

Ustadhi wangu wa Mji wa Kale, ninayemfuata kwa matatu kupitia Makupa, mara nyingine hashiki hata udi wake. Hufumba macho.

"Rudia, mwanangu."

Narudia.

"Bado."

Mwisho husema, "Haya." Hilo ndilo ninalolilipia nauli. Kesho nikiboronga harusini, watu watauliza nani kanifunza, naye atatajwa. Akisema "haya" amejifunga nami. Yule wa Cairo ana maelfu asiowajua. Nikipotea, yeye hapungukiwi na kitu, wala simlaumu.

Basi tofauti si umbali. Aliye Cairo akinisikiliza na kukubali kuulizwa juu yangu, ni ustadhi wangu. Aliye chumba kimoja nami, macho yake kwenye simu, si ustadhi. Elimu ni amana, na amana haikabidhiwi umati.

Wanaotaka kujifunza wakiniuliza waanzie wapi, nawaambia waanze na simu. Ila kabla ya kuketi mbele za watu, kila mmoja atafute mtu aliye tayari kutajwa pamoja naye.