Je, Usawa Unaweza Kufundishwa Katika Semina?



Katika toleo hili tumeombwa tueleze yale tuliyoyaona Jinja na Mbale. Mnakumbuka kwamba watu watano kutoka kwetu, akina mama watatu na akina baba wawili, tuliitwa na shirika moja tuwe wakalimani na wasaidizi katika semina ya wafanyakazi wake juu ya usawa wa kijinsia. Tuliporudi, wengi mlituuliza kama tumeleta posho. Neno hili lina utani wake hapa Uganda, kwa maana posho ni fedha ya kikao na posho ni ugali. Zote mbili zilikuwa kidogo. Tulichorudi nacho ni swali, na hatujaacha kubishana juu yake tangu siku ile.

Swali ni hili: je, mtu mzima aliyekwisha kuzoea kutawala anaweza kufundishwa usawa kwa siku tano, kwa kalamu, karatasi kubwa za ukutani na chai ya saa nne?

Tuanze na Jinja. Ukumbi haukuwa mbali na pale Nile inapotoka ziwani. Siku ya pili mwezeshaji alitutoa sote nje kwenye majani, wafanyakazi pamoja na sisi wakalimani, akampa kila mtu kadi. Kila kadi iliandikwa mtu: mkurugenzi, diwani, askari, mchungaji, mjane mkimbizi mwenye watoto watano, msichana wa miaka kumi na tano asiye na wazazi. Tulipanga mstari mmoja. Kisha akasoma maneno, na ambaye maneno yale ni kweli kwake kwa kadi aliyoshika alipiga hatua moja mbele. "Naweza kumwambia hapana mtu anayenipa chakula." "Nikibishiwa hodi usiku siogopi." "Nikiwa na malalamiko namjua wa kumpelekea, naye atanisikiliza."

Mama mmoja wa kwetu, mjane kweli kweli, alipata kadi ya mkurugenzi. Alitembea mpaka akafika kwenye ua na pa kwenda hapakuwepo tena. Dereva mmoja wa shirika, mtu mwenye mwili na sauti kubwa, alipata kadi ya mjane. Yeye hakupiga hata hatua moja. Alisimama nyuma peke yake, na alipoulizwa anajisikiaje alisema kwa sauti ndogo kwamba anaona aibu, ingawa hajui amekosa nini. Watu wakanyamaza. Ilikuwa saa nzuri, hatutaki kuidharau.

Baadaye kadi zilikusanywa. Tukaenda kunywa chai. Msichana wa hoteli alikuwa amechelewa, na yule mama, ambaye dakika kumi zilizopita alikuwa mkurugenzi, aliombwa kwa upole sana amimine chai na kugawa vikombe. Hakuna aliyemlazimisha. Aligawa. Hata sisi akina baba wawili tulipokea vikombe vyetu mkononi mwake tukasema asante, na mpaka jioni hakuna kati yetu aliyeona neno lolote. Yeye mwenyewe ndiye aliyetukumbusha, akicheka.

Hapo ndipo mabishano yetu yalipoanza. Mmoja wetu alisema: mnaona, semina ni mchezo wa kadi, kadi zikirudi mfukoni mambo yanarudi palepale. Mwingine akasema hapana, kama si ule mchezo tusingekuwa hata na macho ya kuona vile vikombe.

Sisi tunaotoka Beni, Butembo na Ituri tuna sababu ya kutochukulia jambo hili kama hadithi. Ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, mashirika yalikuja kwa wingi, na kazi zikawepo: kufua, kupika, kuandika majina, kuendesha magari. Mlipuko ule ulikwisha Juni 2020. Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti yake. Mmoja wa wenyeviti wake wawili alikuwa Mkongo mwenzetu, Mama Julienne Lusenge. Tume ilitaja watu 83 waliotuhumiwa kuwatumia wanawake na wasichana kimwili, wengi kwa ahadi ya kazi, na kati yao 21 walikuwa watu wa Shirika la Afya lenyewe. Ripoti ile ilisema pia kwamba mafunzo ya kuzuia mambo hayo yalianza Novemba 2019, miezi kumi na tano baada ya kazi kuanza, na kwamba kati ya wafanyakazi zaidi ya 2,800 waliofundishwa walikuwa 371.

Mtu anaweza kusema: basi dawa ni wafundishwe wote, mapema. Ni kweli, lakini tulitazame vizuri. Je, yule aliyemwambia binti "kazi ipo, njoo chumbani" alikosa elimu? Alikuwa hajui kwamba ni vibaya? Sisi tunaamini alijua. Mwizi hafungi mlango anapoiba kwa sababu ya baridi. Na tangu zamani kanuni ilikuwepo. Baada ya habari za Afrika Magharibi mwaka 2002, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa waraka Oktoba 2003 uliokataza kubadilishana fedha, kazi au msaada kwa tendo la ndoa, na kukataza kabisa jambo hilo na mtoto wa chini ya miaka 18. Mwaka uliofuata tu, 2004, yakachunguzwa mambo ya walinda amani kule Bunia. Waraka ulikuwa umeandikwa, na mabinti wa Bunia walikuwa hawajausoma.

Kwa hiyo tumefika mahali pa kusema hivi. Semina haibadilishi moyo wa mtu, na anayetuahidi hivyo anatuuzia maji ya mto. Lakini semina inamnyang'anya mtu neno "sikujua". Mtu aliyeketi siku tano, akaandika jina lake kwenye orodha ya mahudhurio na kutia sahihi, huyo akikosa amekosa akiwa na macho. Hilo si dogo, kwa sababu wakubwa wake hawawezi tena kumtetea kwa ugeni wake au kwa desturi ya kwao. Na faida kubwa zaidi inakuja pale ambapo kanuni ileile inafundishwa pia kwa yule anayepanga foleni. Karani akiijua peke yake, ataitunza au ataivunja kwa siri. Anayepanga foleni akiijua, karani ana shahidi.

Njiani kwenda Mbale, kwenye barabara ya Tirinyi, tulibishana sana juu ya jambo moja, na hapa tunaomba msome polepole. Waraka ule wa 2003 ulisema pia kwamba uhusiano wa kimapenzi kati ya mfanyakazi na mtu anayepokea msaada unapaswa kuepukwa sana, kwa kuwa nguvu zao si sawa. Baba mmoja kati yetu alisema jambo hili linawadharau mama zetu. Mjane ni mtu mzima, alisema. Amezika mume, amevuka mpaka na watoto mgongoni, amejenga nyumba kwa mikono yake. Leo anaambiwa hawezi kuchagua mwanamume? Huo ni usawa gani, unaomfanya mama kuwa mtoto?

Hoja hiyo ina uzito, na mama zetu wawili ndani ya gari hawakuicheka. Lakini mmoja alijibu hivi. Kanuni haisemi na mimi, inasema na yeye. Mimi naweza kujua moyo wangu. Yeye hawezi kuujua, maana ana kalamu mkononi. Nikimwambia ndiyo, hatajua kamwe kama nimempenda yeye au nimependa jina langu libaki kwenye orodha. Na mtu asiyeweza kujua jambo kama hilo, na bado anaendelea, basi hajali jibu ni lipi.

Baba alinyamaza mpaka tukavuka mabonde ya mpunga. Sisi wengine pia. Ridhaa ya mwenye njaa tulikuwa tumeifikiria daima upande wa mwenye njaa: alikubali au hakukubali? Hatukuwahi kuuliza mwenye chakula ana haki gani ya kuliamini hilo neno ndiyo. Tangu mwaka 2023, WFP ilipowagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi kwa kadiri ya uhitaji na mgawo ukapungua, ninyi wenyewe mnajua jina kuwa kundi hili au lile lina uzito gani ndani ya nyumba. Mwaka 2019 kamati inayounganisha mashirika ya misaada duniani iliandika upya kanuni hiyo, ikakataza uhusiano wowote unaotumia vibaya cheo. Tunaona hapo walikaza kamba iliyokuwa imelegea.

Mbale semina iliendelea, na huko tulikaa na akina mama wa Uganda waliopoteza nyumba kwa maporomoko ya Mlima Elgon. Kuna waliokumbuka Nametsi, kule Bududa, Machi 2010, na wengine mwaka 2018. Ni raia katika nchi yao, si wakimbizi kama sisi, lakini walipoanza kusimulia foleni tulidhani wanasimulia foleni yetu. Mfanyakazi mmoja aliwaeleza kwa fahari juu ya sanduku la malalamiko lililotundikwa ofisini. Mama mmoja mzee akauliza: ufunguo anao nani? Ikaonekana anao msimamizi wa ofisi. Akauliza tena: na sisi tusiojua kuandika, tutatumbukiza nini mle ndani? Siku nzima haikutoa somo zuri kuliko maswali yale mawili, na hakuwa ameandikwa kwenye ratiba.

Najua, au tuseme tunajua, kwamba baadhi ya wazee wetu watasema haya yote ni mambo ya wazungu. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, iliyopitishwa na Bunge la Kampala, inamtambua kuwa mkimbizi hata mtu aliyekimbia kwa kuogopa kuteswa kwa sababu amekataa desturi zinazobagua jinsia. Tororo, jirani ya Mbale, watu walipigiana kura juu ya mahari mwaka 2001. Shirika la huko, MIFUMI, lilikwenda mahakamani, likashindwa mara ya kwanza, likakata rufaa, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kumdai mke arudishe mahari ndoa ikivunjika ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe haikukatazwa. Miaka kumi na minne! Wala hatukusikia kwamba ilikuwa semina ya siku tano. Kampala nako kuna mafunzo ya mitaani dhidi ya ukatili nyumbani ambayo waliyapa jina la Kiswahili, SASA!, na watafiti waliandika mwaka 2014 kwamba mitaa iliyoyapata ilikuwa na vipigo vya wake pungufu kwa nusu hivi kuliko mitaa mingine. Mafunzo yale hufanywa na majirani, kwa miaka, penye duka, penye kisima. Labda hapo pana jibu la sehemu ya swali letu.

Sasa turudi nyumbani, maana ni rahisi kuwahukumu wenye magari. Katika Matendo ya Mitume sura ya sita kuna malalamiko ya mgawo wa chakula: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa kila siku. Mitume hawakusema wajane wanasengenya. Walikubali kwamba kuna kosa, wakaagiza wachaguliwe watu saba, na majina ya wale saba ni ya Kiyunani, yaani ufunguo wa sanduku ulipewa upande wa waliolalamika. Tumelisoma hilo mara nyingi, likatufurahisha. Mjane wetu, yule wa kadi ya mkurugenzi, ndiye aliyetuuliza kwenye gari tukirudi: kati ya wale saba, mjane alikuwa yupi?

Hatukuwa na jibu. Tulihesabu pia kamati ya kanisa letu. Viti ni tisa. Akina mama wako wawili, mmoja mweka hazina na mwingine wa mapokezi, na wa mapokezi ndiye anayepika wageni wakija. Siku ya ibada, kati ya watu watatu waliokaa kwenye mabenchi, wawili ni akina mama. Hatuandiki haya kumwaibisha mtu. Sisi wawili waandishi akina baba tumo katika kamati hiyo, na hatukuwahi kuhesabu.

Shirika lililotuita limesema litamweka mama mmoja anayesema Kiswahili apokee malalamiko kwa mdomo mara mbili kwa wiki, na akina mama wa Mbale waliomba awe mahali wanapokwenda hata hivyo, kama kisimani au zahanati, ili anayekwenda asionekane anakwenda kushtaki. Tumeomba vivyo hivyo kwetu. Jibu bado.

Akina mama watatu waliosafiri watajibu maswali Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili, chini ya mwembe. Mazungumzo ya namna hii yalipofanyika mara ya mwisho, akina baba walikuja wanne. Chai itakuwepo, na safari hii itagawiwa na kamati.