Alama Moja, Sauti Mbili: Uaminifu katika Kusoma Miswada ya Kinanda

Msomaji wa mswada wa kale hudaiwa na watu wawili: aliyetunga na aliyenakili. Wawili hao wanapohitilafiana, amtii nani? Swali hili limezoeleka katika uhakiki wa tenzi. Hata hivyo, linajitokeza kwa uwazi wa pekee katika uwanja mwingine, yaani miswada ya muziki wa kinanda cha kanisani iliyoandikwa Ulaya mwanzoni mwa enzi ya Baroko.

Jan Pieterszoon Sweelinck (1562–1621), mpiga kinanda wa Oude Kerk mjini Amsterdam, aliwafunza Samuel Scheidt na Heinrich Scheidemann. Lakini tungo zake za kinanda zimesalia katika nakala za mikono ya watu wengine. Aidha, muziki mwingi wa Kitaliano wa wakati huo umehifadhiwa Turin katika juzuu 16 zilizonakiliwa takriban kati ya 1637 na 1640, si kwa noti za mistari bali kwa tabulatura ya Kijerumani, ambayo huandika sauti kwa herufi za alfabeti. Mnakili aliyehamisha muziki kutoka mfumo mmoja hadi mwingine alikuwa tayari mfasiri.

Katika tabulatura hiyo, kistari kilichosahauliwa juu ya herufi huishusha sauti kwa oktava nzima. Tatizo kubwa zaidi ni la herufi d yenye kikia. Aghalabu alama hiyo husimamia D iliyopandishwa nusu sauti na pia E iliyoshushwa nusu sauti. Mpigaji wa zamani hakutatizika, maana zote mbili zilikuwa na kibonyezo kimoja. Mhariri anayeihamishia kwenye mistari mitano hana budi kuchagua, na kila uchaguzi ni dai kuhusu mwelekeo wa muziki.

Wahakiki wa Kiswahili wanalifahamu fumbo hili. Katika hati za Kiarabu za kale, kama zile za Utenzi wa Tambuka ambao mswada wake wa 1728 ni miongoni mwa mikongwe inayojulikana, alama moja ya irabu huweza kusomwa i au e, na herufi moja b au p. Pata na bata huweza kuandikwa sawasawa.

Wako wanaoshikilia kwamba mhariri aandike kilichopo tu. Msimamo huu unasahau kwamba alama haina sauti mpaka isomwe. Wengine hudai arejeshe nia ya mtunzi kwa kusahihisha makosa ya mnakili. Lakini watunzi wa enzi hiyo, akiwemo Girolamo Frescobaldi, waliutafuta mgongano wa sauti kwa makusudi. Kinachodhaniwa kuwa mtelezo wa kalamu huenda kikawa ndio ujasiri wa mtunzi, na msahihishaji akaufuta kwa jina la heshima.

Kuna pia yale ambayo mswada umeyanyamazia: mapambo, mwendo, uteuzi wa mabomba. Katika dibaji ya Toccate zake za 1615, Frescobaldi alieleza kwamba upigaji huo usifungwe na mapigo yasiyobadilika. Kwa hiyo, ukimya wa ukurasa si upungufu; ni amana aliyoachiwa mpigaji. Mhariri anayejaza kila pengo humnyang'anya mpigaji fungu lake.

Yafuatayo yanadhihirika, basi. Uaminifu si kumchagua mtunzi dhidi ya mnakili, maana hakuna njia ya kumfikia wa kwanza isipokuwa kwa kupitia wa pili. Uaminifu ni kuudhihirisha mpaka kati ya kilichosomwa na kilichokisiwa. Wengi watakaoupiga muziki huo, kama wengi watakaousoma utenzi, hawatauona mswada wenyewe kamwe, watamwamini mhariri. Anayekosea waziwazi huwaachia njia ya kumsahihisha. Anayeificha shaka yake ndani ya ukurasa safi huifunga njia hiyo, hata pale alipopatia.